Filamu ya Uhalifu Nyumbani: Picha Giza, Maneno Hayasikiki, Tatizo Liko Wapi?

Hakuna aina ya filamu inayoumbua vifaa vya nyumbani kama ya uhalifu. Vichekesho hupigwa mchana kweupe na kila runinga huvimudu. Lakini mpelelezi mwenye koti jeusi akisimama uchochoroni usiku wa mvua, akinong'ona na mtoa habari asiyetaka uso wake uonekane, udhaifu wote wa diski, deki, waya na runinga hujitokeza kwa mpigo. Mtazamaji huishia kusema toleo, yaani diski aliyoinunua, ni bovu, na mara nyingi toleo halina hatia.

Unachokiona kwenye kioo kimepita mikono mitatu. Wa kwanza ni wa waliopiga filamu, na wao wakiamua giza, giza ndilo filamu yenyewe. Wa pili ni wa waliotengeneza diski: walioskani negativu, wakasahihisha rangi, wakaibana video ikatosha kwenye diski. Wa tatu ni wako. Mimi huanza na huo wa tatu, kwa sababu kuukagua hakugharimu kitu na ndipo makosa yanaporundikana.

Kabla ya kugusa mpangilio wowote, chagua tukio moja la giza na uandike dakika na sekunde zake. Cheza tukio hilohilo kila mara, ubadilishe kitu kimoja tu kwa wakati. Kasoro ikijirudia sekunde ileile kwenye deki na runinga ya mtu mwingine, imo ndani ya diski. Ikijitokeza kwenye filamu zako zote, imo sebuleni. Ikionekana ileile kwenye matoleo mawili tofauti ya filamu hiyo, yaliyotengenezwa miaka tofauti, basi huenda ilikuwamo tangu siku kamera ilipowashwa, na hakuna diski itakayoiondoa.

Picha ni giza, huoni kinachoendelea

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo chake si kimoja.

Anza na chumba. Filamu ya usiku ikichezwa saa nane mchana pazia likiwa wazi haitaonekana hata kwenye runinga ya bei kubwa. Kioo kinaakisi dirisha, jicho nalo limejirekebisha kwa mwanga wa chumba, kwa hiyo vivuli vyote vinasomeka kama weusi mmoja. Funga pazia, zima taa iliyo mbele ya kioo, subiri dakika chache, kisha uhukumu.

Halafu ingia kwenye menyu ya runinga, utafute mpangilio wa kuokoa umeme na ule wa kihisi cha mwanga wa chumba. Vyote viwili hupunguza mwanga wa kioo bila kukuuliza. Cha ajabu ni kwamba kihisi hupunguza zaidi chumba kinapokuwa na giza, yaani pale unapofanya jambo sahihi la kuzima taa. Vizime. Kuna pia mpangilio wa kontrasti (tofauti ya mwanga na giza) inayojibadilisha yenyewe, ambao huangalia tukio likiwa na weusi mwingi kisha hushusha mwanga wote wa picha. Ukiona mwanga unapanda na kushuka kamera inapohama kutoka sura ya mtu hadi dirishani, mshukiwa ni huyo.

Chanzo kingine ni deki na runinga kutokuelewana kuhusu weusi unaanzia wapi. Video za filamu huhesabu weusi kuanzia 16 na weupe hadi 235, katika kipimo kinachokwenda kutoka 0 hadi 255. Deki ikilazimishwa kutoa kipimo kamili cha 0 hadi 255 wakati runinga inasubiri 16 hadi 235, kila kilicho karibu na weusi kinamezwa. Koti, ukuta na kivuli vinakuwa bonge moja, na nyuso zilizo karibu na taa zinaungua kwa weupe. Tafuta mpangilio huu kwenye deki, kisha kwenye runinga upande wa porti ile ya HDMI, uhakikishe vyote viwili vinasema lugha moja. Kama kuna chaguo la kujipanga vyenyewe, lichague pande zote mbili.

Diski za 4K, zile zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, zina chanzo chao cha pekee. Zilianza kuuzwa mwaka 2016 zikiwa na HDR, mfumo unaoruhusu mwanga mkali zaidi na giza lenye tabaka nyingi zaidi. Filamu nyingi huandaliwa kwa kioo chenye uwezo wa niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwanga wa kioo), nyingine 4,000. Runinga ya kawaida ikiwa na niti 300 au 400 inalazimika kuukunja mwanga huo wote utoshe kwenye uwezo wake mdogo, na runinga nyingi hufanya hivyo kwa kuishusha picha nzima ili taa za barabarani zisiungue. Taa zinapona, mpelelezi anapotea gizani. HDR nayo ina aina zake. HDR10 ya kawaida huipa runinga maelezo ya mwanga ya aina moja kwa filamu nzima. Dolby Vision huweza kutoa maelezo kwa kila tukio, kwa hiyo runinga dhaifu inayoisoma Dolby Vision mara nyingi hunusurika. Kama yako haiisomi, tafuta kwenye menyu mpangilio wa kurekebisha mwanga wa HDR kulingana na picha yenyewe. Baadhi ya deki za 4K nazo zina kifaa cha kufanya kazi hiyo kabla picha haijafika kwenye runinga.

Nitasema jambo ambalo wauzaji hawalipendi: kwenye runinga dhaifu, Blu-ray ya kawaida ya filamu ya usiku inaweza kupendeza kuliko 4K ya filamu hiyohiyo. Pakiti nyingi za 4K zina diski zote mbili. Zicheze kwa zamu kwenye lile tukio uliloliandika, ubaki na inayokupendeza. Hakuna anayekupa cheti kwa kutazama 4K.

Ukishamaliza yote hayo na giza likabaki, likubali. Gordon Willis alipopiga The Godfather (1972) aliweka taa juu ya vichwa vya waigizaji, macho ya Marlon Brando yakabaki kivulini, na wakubwa wa studio walishtuka hata wao. Toleo la 4K la mwaka 2022 halikuyaondoa macho hayo kwenye kivuli, wala halikupaswa. Anayeongeza mwangaza hadi aone kila kona ya ofisi ile anatazama filamu nyingine.

Weusi umekuwa kijivu, picha imefifia

Hapa una kipimo rahisi ambacho watu wengi hawakitumii: ile mistari myeusi juu na chini ya picha. Mistari hiyo ni weusi safi. Itazame chumba kikiwa na giza.

Mistari ikiwa myeusi sawasawa lakini giza lililo ndani ya picha ni kijivu, lawama iko kwa filamu au waliotengeneza diski. Inawezekana negativu ilikuwa imechakaa, au waliosahihisha rangi waliamua weusi laini makusudi. Lakini mistari yenyewe ikiwa kijivu, diski haihusiki kabisa. Ama ni yale mambo ya 16 na 235 yaliyogeuka upande wa pili, deki ikitoa kipimo kifupi na runinga ikisubiri kirefu, ama ni kioo chenyewe. Runinga za LCD huwa na taa nyuma ya kioo, na taa hiyo huvuja. Zile zenye taa zilizogawanywa katika maeneo mengi hujitahidi. Zenye taa za pembeni tu huacha mawingu kwenye kona. OLED haina taa ya nyuma, pikseli yenyewe huzimika, ndiyo maana wapenzi wa filamu za uhalifu huitaja sana.

Kama picha ya 4K imefifia na rangi zimekuwa za majivu, angalia kwanza runinga inasema imepokea HDR au la. Runinga nyingi hutoa taarifa hiyo ukibonyeza kitufe cha habari kwenye rimoti. Baadhi hazipokei HDR kamili mpaka uiruhusu porti husika kwenye menyu, na si lazima porti zote ziwe na uwezo huo. Waya nao una sehemu yake: kwa 4K yenye HDR ni salama kutumia waya wa kubeba gigabiti 18 kwa sekunde. Waya wa zamani ukizidiwa, utaona vimulimuli, picha kukatika kwa sekunde moja, au kioo kuzimika na kurudi.

Miraba gizani, ngazi kwenye moshi

Tochi inamulika chumba chenye moshi. Badala ya mwanga kufifia taratibu, unaona pete moja ndani ya nyingine, kila moja na ukingo wake. Au ukuta wa giza unachemka kwa miraba midogo inayohamahama. Hizi ni kasoro mbili tofauti, ingawa hupenda kuja pamoja.

Pete hutokana na uchache wa ngazi za mwanga. DVD na Blu-ray hutumia biti 8, ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi. Diski za 4K hutumia biti 10, ngazi 1,024, ndiyo maana moshi wa tochi huwa laini zaidi humo. Kabla hujailaumu diski, zima kontrasti inayojibadilisha na ushushe ukali wa picha, kwa kuwa vyote viwili hunyoosha tofauti ndogo zikawa ngazi zinazoonekana.

Miraba ni suala la kubana. Video ikibanwa, mashine hugawa picha katika vipande na kutupa taarifa inazodhani jicho halitazikosa, na gizani ndipo hutupa nyingi zaidi. Fanya hesabu mwenyewe. Blu-ray ya tabaka moja hubeba gigabaiti 25, ya tabaka mbili 50. Filamu ya saa tatu kwenye diski ya 25 inaachiwa wastani wa megabiti 18 hivi kwa sekunde kwa kila kitu, pamoja na sauti za lugha tatu na mahojiano ya ziada, wakati kiwango cha juu kinachoruhusiwa kwa video peke yake ni 40. Filamu ya saa moja na nusu kwenye diski hiyohiyo inapumua vizuri tu. Kwa hiyo usiishie kwenye neno Blu-ray lililo kwenye jalada. Angalia urefu wa filamu, ukubwa wa diski, na vikorokoro vilivyobanwa humo. Toleo lililoweka vya ziada kwenye diski ya pili mara nyingi limeitendea haki filamu.

Zile DVD zenye filamu nane kwenye diski moja hazihitaji uchunguzi. DVD ya tabaka mbili ina gigabaiti 8.5, gawanya kwa nane, umepata jibu.

Chengachenga kila mahali, au kinyume chake: nyuso hazina vinyweleo

Wanaolalamikia chenga na wanaolalamikia nyuso laini wanavutana kamba moja.

Filamu iliyopigwa kwa mkanda ina punje. Ni chembe za fedha na rangi zilizo ndani ya mkanda, nazo huongezeka pale mpiga picha alipotumia mkanda wenye hisia kali ili apige usiku. Filamu za uhalifu za miaka ya 1970, zilizotoka studio zikaingia mitaani na taa chache, zimejaa punje. Diski nzuri huzionyesha zikiwa ndogo, zikitembea, tofauti katika kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu. Diski mbaya huzifuta kwa programu ya kuondoa chenga, na programu hiyo haijui kutofautisha punje na mkunjo wa ngozi. Ndevu za siku tatu zinageuka doa la kijivu. Kitambaa cha suti kinapoteza nyuzi. Dalili kubwa ni hii: mtu akiwa ametulia uso unaonekana, akigeuka uso unapaka kisha unajirudisha.

Kabla ya kuihukumu diski kwa hilo, hakikisha runinga haifanyi ufutaji huohuo. Nyingi huuzwa kipengele cha kupunguza chenga kikiwa kimewashwa. Kizime, na kama kipo kwenye deki pia kizime. Uso ukirudi, umeshinda. Usiporudi, uliuawa kiwandani, tafuta toleo jingine.

Ukiona mstari mwembamba mweupe umezunguka mabega ya mtu aliyesimama mbele ya anga, ni ukali wa picha uliozidishwa. Ushushe kwenye runinga mpaka karibu na sifuri, maana kwenye runinga nyingi sifuri ndiyo picha halisi. Mstari ukibaki, umechorwa kwenye diski, jambo la kawaida kwa DVD na Blu-ray za mwanzo zilizotumia skani ya zamani.

Kuna chenga ambazo si punje wala kosa. Sehemu kubwa ya Collateral (2004) ilipigwa Los Angeles usiku kwa kamera za dijitali zilizosukumwa hadi mwisho wa uwezo wake, kwa sababu mwongozaji Michael Mann alitaka anga la jiji lionekane kwa mwanga wake lenyewe. Matokeo yana chenga za kielektroniki ambazo hazifanani na punje za mkanda. Hakuna toleo lililozifuta kwa faida ya mtazamaji, na simshauri mtu alitafute.

Rangi si zile ninazozikumbuka

Fanya jaribio hili: weka filamu ya uhalifu ya rangi nyeusi na nyeupe, za miaka ya 1940 zipo tele. Picha ikiwa na ubluu au uwekundu kidogo, runinga yako ina tatizo la joto la rangi. Chagua mpangilio wa joto badala ya ule wa baridi, hata kama siku mbili za kwanza utauona kama wa manjano. Kama runinga ina Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019, iwashe. Huweka rangi karibu na zile za chumba cha kusahihishia na kuzima takataka nyingi kwa kitufe kimoja.

Baada ya hapo, rangi ngeni ni uamuzi wa mtu. Mfano mzuri ni The French Connection ya mwaka 1971. Blu-ray yake ya mwaka 2009 ilitoka na rangi zilizofifishwa kisha zikapakwa upya kwa namna iliyovujavuja, kwa maelekezo ya mwongozaji mwenyewe, William Friedkin. Mpiga picha mkuu, Owen Roizman, aliipinga hadharani. Mwaka 2012 ikatoka Blu-ray nyingine yenye rangi zinazokaribia zile za sinema. Filamu moja, Blu-ray mbili, na hakuna mpangilio wa runinga unaoweza kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili. Kabla ya kununua iliyokwishatumika, soma mwaka wa toleo nyuma ya jalada.

Kwa maoni yangu, kauli ya mwongozaji haimalizi ubishi. Mtu akirudi kwenye kazi yake baada ya miaka 38 anaweza kuwa na ladha nyingine kabisa, na mtazamaji ana haki ya kuitaka filamu iliyoonyeshwa siku ile.

Mwendo unakera

Filamu inaonekana kama tamthilia iliyopigwa kwa kamera ya video, kila kitu kinateleza mno? Hicho ni kipengele cha kulainisha mwendo. Samsung hukiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG TruMotion, Sony Motionflow. Runinga hubuni fremu ambazo hazikuwahi kupigwa na kuzichomeka kati ya zile 24 za kila sekunde. Kizime. Sijaona filamu ya uhalifu iliyofaidika nacho.

Kinyume chake, kamera ikizunguka mtaa na picha inarukaruka kwa mapigo yasiyo sawa, deki inatoa fremu 60 kwa sekunde kutoka filamu ya 24, hivyo fremu moja inarudiwa mara mbili na inayofuata mara tatu. Washa utoaji wa fremu 24 kwenye deki.

Ukiona kingo za gari linalokimbia zimekatika mithili ya meno ya kitana, video ilihifadhiwa kwa mistari ya kupokezana, nusu ya mistari ya picha kwanza na nusu baadaye, na kifaa chako kimeshindwa kuiunganisha. Jaribu kuiachia deki kazi hiyo badala ya runinga, au kinyume. Na DVD za PAL, mfumo wa runinga uliotumika Ulaya na sehemu kubwa ya Afrika, huendesha filamu kwa fremu 25 badala ya 24: kila kitu kinakwenda kasi kwa asilimia 4, filamu ya dakika 120 inaisha kwa 115, na sauti ya jambazi inapanda kidogo. Ukikuta muda wa toleo ni mfupi kuliko wa sinema, kagua hilo kwanza kabla ya kusema limekatwa.

Risasi zinaamsha mtaa, maneno hayasikiki

Mchezo wa rimoti: juu kwa mazungumzo, chini kwa mapigano. Chanzo mara nyingi ni deki kuamini una spika ambazo huna.

Katika sauti ya njia 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, karibu mazungumzo yote hupita spika ya katikati. Kwenye menyu ya sauti ya deki au redio ya sinema (kifaa kinachoendesha spika) kuna mahali pa kueleza spika ulizonazo. Ikiandikwa kuna ya katikati na haipo, maneno yanatumwa kwenye hewa tupu, unabaki na mwangwi wake kutoka pembeni. Kama unatumia spika za runinga, weka deki itoe stereo ya PCM, yaani sauti ya njia mbili isiyobanwa, nayo itachanganya njia zote kabla ya kutuma. Kama saundibaa yako ina chaguo la kuinua mazungumzo, litumie bila aibu. Kipengele cha usiku, ambacho hupunguza tofauti kati ya mnong'ono na mlipuko, kinafaa pia, ingawa hakifanyi kazi kwa kila aina ya sauti.

Filamu nyingi za uhalifu kabla ya miaka ya 1980 zilirekodiwa kwa sauti ya njia moja. Diski huweka 5.1 iliyotengenezwa baadaye kuwa ya kwanza, na ile ya asili imefichwa chini kwenye menyu. Ichague. Mara nyingi maneno yanakuwa wazi zaidi na milio ya bunduki inabaki ile ya zamani, bila kubadilishwa na mipya isiyofanana na silaha iliyoko mkononi.

Midomo na sauti visipoendana, angalia kama tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ileile kwenye filamu zote, runinga inachelewa kuichakata picha. Washa mpangilio wa michezo ya video kwa jaribio, au urekebishe ucheleweshaji wa sauti. Fremu moja ni kama milisekunde 42, kwa hiyo anza na hatua za kiasi hicho. Tofauti inayokua kadiri filamu inavyoendelea iko kwenye diski au faili.

Wahusika wanaongea lugha nyingine na hakuna manukuu

Wakuu wa genge wanazungumza Kisisilia, Kikorea au Kihispania dakika nzima na hupati neno. Matoleo mengi huweka manukuu ya sehemu hizo kama mkondo wa pekee unaopaswa kujiwasha, na deki iliyozimwa manukuu kabisa huweza kuuzima. Fungua orodha ya manukuu, mara nyingine utakuta mikondo miwili ya lugha ileile: mmoja wa filamu nzima, mmoja wa sehemu za kigeni tu. Kama haupo na kwenye sinema maandishi yalikuwepo, ni kosa la toleo, la kweli kabisa, na linastahili malalamiko. Ila kuna waongozaji wanaokusudia usielewe, kama mhusika mkuu asivyoelewa.

Umbo la picha

Mistari myeusi juu na chini si kasoro. Filamu yenye uwiano wa 2.39, yaani upana mara 2.39 ya kimo, hutumia mistari 803 hivi kati ya 1,080 ya Blu-ray; iliyobaki ni tupu. Za miaka ya 1940 huwa na mistari pembeni. Ukijaza kioo unamkata muuaji aliyesimama ukingoni. Zima kuvuta picha, zima pia kipengele cha kukata kingo, ambacho runinga nyingi hukificha kwenye menyu ya ukubwa.

Diski inaganda

Ifute kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje, bila kuzungusha. Diski za 4K za gigabaiti 100 zina tabaka tatu na haziwii radhi alama ya kidole. Hata mpya kabisa zinaweza kutoka kiwandani na mabaki ya uchafu. Sasisha programu ya deki. Ikiganda sekunde ileile baada ya hapo, jaribu deki nyingine. Kusita kwa chini ya sekunde moja, mara moja tu katikati ya DVD, ni kubadili tabaka. Na DVD ikikoma nusu ya hadithi bila majina ya waigizaji, itoe uigeuze: toleo la GoodFellas la mwaka 1997 lilikuwa na filamu pande zote mbili.

Diski inayokataliwa kabisa huenda ni ya eneo jingine la dunia, kwani nyingi hufungwa zichezwe na deki za eneo lake tu. Blu-ray zina A, B na C, DVD zina namba, lakini diski za 4K zenyewe hazina kizuizi hicho. Ile Blu-ray iliyoandamana nayo kwenye pakiti inaweza kuwa nacho. Diski ya zamani ishike kwenye mwanga: vitone au wingu la kahawia linaloanzia ukingoni ni tabaka la kuakisi linaloharibika, na haliponi. Inakili mapema kile kinachosomeka, kama sheria za kwenu zinaruhusu.

Ukishathibitisha kosa ni la diski

Wachapishaji hutoa diski za kubadilisha pale kosa linapothibitika: mkondo wa sauti uliosahauliwa, tukio lenye rangi zilizogeuka, manukuu yasiyowaka. Mwandikie mchapishaji, si dukani tu, kwa sababu duka litakupa nakala nyingine ya kundi lilelile lenye kosa lilelile. Taja jina la toleo na namba ya msimbo iliyo nyuma ya jalada, pamoja na ile iliyochongwa kwenye duara la ndani la diski upande wa chini. Weka dakika na sekunde, modeli ya deki, na kwamba umeshaijaribu kwenye deki ya pili. Picha ya simu ya kioo cha runinga haisaidii kwa malalamiko ya giza au rangi, kwani simu hujirekebishia mwanga yenyewe. Kwa miraba na manukuu inatosha. Diski ya kubadilisha ikifika, linganisha namba ya duara la ndani na ile ya kwanza kabla hujafungua filamu. Zikifanana, umeletewa ileile.